Maji Yalipoikimbia Pampu

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na Hhando alisomewa mara tatu kwa sababu mara mbili za mwanzo hakusikia kitu. "Marehemu aliingia ndani ya bwawa kwa uzembe wake mwenyewe, ilhali alikuwa na muda wa kutosha wa kujiokoa." Basi. Chini yake mhuri wa zambarau, na chini ya mhuri mstari mtupu ulioandikwa "mume wa marehemu". Hapo ndipo walipotaka aweke sahihi.

"Mzee wangu, hii ni karatasi tu," alisema Fabian, mtendaji wa kijiji, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi. "Alhamisi tunaisoma mkutanoni, faili linafungwa, bwawa linafunguliwa, watu wamwagilie. Wewe mwenyewe una vitunguu saumu pale vinakauka."

"Nani kasema ni uzembe?"

"Mhandisi. Amepiga hesabu. Wimbi lilianzia kwenye tuta la bwawa, mita mia sita kutoka kwa mama. Kwa kina cha bwawa lile, wimbi linatembea mita tano kwa sekunde. Gawanya mwenyewe. Dakika mbili! Dakika mbili mtu anafika dukani, ananunua vocha na chenji anaihesabu."

Wajumbe wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka, kisha wakaangalia sakafu.

Hhando hakukasirika. Angependa kukasirika, lakini tangu msiba wa Agosti hasira ilikuwa inapita mbali naye, kama gari linalopita barabara ya chini, unalisikia tu. Aliuliza, "Kile kibao cha HATARI mlikiweka lini?"

"Kibao kipo, mzee."

"Kipo, ndiyo. Kiliwekwa wiki mbili baada ya kumzika. Labda mlitaka akisome kutoka kaburini."

"Mzee Hhando..."

"Na wale waliokuwa wanachimba moramu kwenye ukingo wa kaskazini, malori kumi kwa siku, kibali kilitoka ofisi gani?"

Fabian alifunga faili taratibu. "Usichanganye mambo. Hesabu inapingwa kwa hesabu. Kama unayo yako, ilete Alhamisi."

Alisema hivyo kwa sababu alijua mzee huyu aliishia darasa la nne.

Bwawa lenyewe liko Mbulumbulu, juu karibu na msitu, mahali ambapo mashamba ya ngano yanakoma. Lilijengwa kwa ajili ya ng'ombe, halafu watu wakaanza kumwagilia. Hhando na mkewe Cresensia walikuwa na bustani upande wa kaskazini, hatua kumi na mbili tu kutoka ukingo wa maji, na pampu ndogo ya petroli iliyokaa kwenye jukwaa la mawe. Mwaka jana ikaja kampuni ya barabara, wakaanza kukwangua moramu hapo hapo kaskazini, chini ya ukingo, mpaka kwenye mguu wake majini. Cresensia ndiye aliyesema kikaoni kwamba ukingo utakuja kuanguka. Wakamwambia mama akae.

Ukaanguka. Lakini haukuanguka kwa kishindo, na hapo ndipo wakubwa walipopata mlango wa kutokea. Hakuna aliyesikia. Kulikuwa na jua la saa nne asubuhi, pampu inanguruma, na maji yakafanya jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Halafu Cresensia hakuwepo.

Kwenye kamati iliyochunguza kifo Hhando alisema alikuwa ameinama akipalilia, alipoinua kichwa mkewe hayupo. Wakaandika. Binti yao Angelina, anayefua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii Karatu mjini, alimwuliza siku ya tatu ya msiba, "Baba, kwani mama alifuata nini kwenye tope?" Akamjibu hajui. Tangu hapo Angelina alikuwa anakuja kila Jumapili, anapika, anafagia, anaondoka. Hakuuliza tena. Kandambili za mama yake, za bluu, zilikaa dirishani, na wote wawili walizizunguka kama zina moto.

*

Mwalimu Hyasinta anafundisha fizikia sekondari ya kata. Walikuwa naye jumuiya moja, na ndiye aliyesalisha rozari siku za msiba. Hhando alimkuta nyuma ya nyumba ya walimu akifua.

"Saita, mwalimu."

"Saita, baba. Karibu, chukua kigoda hicho, usijali povu."

Akamweleza ya ofisini. Hyasinta alisikiliza, akakamua shati alilokuwa nalo, akamwaga povu, akajaza karai maji safi. Kisha akalaza tofali ndani yake, upande mmoja, likiegemea ukuta wa karai.

"Watu wanadhani wimbi linaletwa na upepo," alisema. "Upepo unakuna ngozi ya maji tu. Wimbi la aina hii linaletwa na kitu kinachosukuma maji yote, kuanzia chini mpaka juu. Baharini sakafu inapasuka na kuruka. Ile tsunami ya mwaka 2004 ilianzia Indonesia hivyo hivyo, na watu wakafa mpaka Dar es Salaam. Bwawani ukingo unaporomoka chini ya maji. Wazee wanasema ni netlaang, pepo wa maji, amevuta pumzi. Sasa angalia huku kwako."

Akalivuta tofali kwa kidole likateleza kuelekea katikati. Hhando alikuwa upande ambao tofali lilikuwa limeegemea. Maji ya upande wake yalishuka kwanza, ukuta wa karai ukaonekana mweupe, halafu yakarudi na kumwagika magotini pake.

Hakufuta suruali. Alikuwa anaangalia ule weupe wa karai.

"Yalishuka kwanza," alisema.

"Kwa sababu udongo ukiondoka chini unaacha shimo, na maji ya juu yanashuka kulijaza. Kwa hiyo upande ule ule wa maporomoko linatangulia bonde, nyuma yake inafuata nundu. Upande wa pili inatangulia nundu." Akamkazia macho. "Siku ile, upande wenu, yalishuka kwanza?"

"Yalishuka."

"Basi hilo wimbi halikutoka kwenye tuta. Lingetoka kwenye tuta mngeanza kuona maji yanapanda. Lilitoka jirani yenu, kwenye machimbo."

Akaokota kijiti akaandika kwenye vumbi. Mwendo wa wimbi la namna hii, alisema, hauulizi upana wa bwawa wala uzito wa maji. Unauliza kina tu. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa kumi, halafu tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa hiyo. Mita mbili na nusu, mara kumi, ishirini na tano. Tano mara tano. Mita tano kwa sekunde.

"Kumbe mhandisi hakukosea hapo."

"Hapo hakukosea. Alikosea mahali pa kuanzia. Na hilo, baba, sidhani kama ni kukosea." Akaendelea haraka, kama amejuta. "Bahari ina kina cha mita elfu nne. Mara kumi, elfu arobaini. Mia mbili mara mia mbili. Mita mia mbili kwa sekunde, mwendo wa ndege. Lakini huko katikati kimo chake hata mita hakifiki, meli inapitiwa na wasafiri hawajui. Likikaribia nchi kavu linapunguza mwendo, ndipo linanyanyuka."

"Linanyanyuka kwa nini wakati linachoka?"

"Halichoki. Nitasemaje..."

Hhando aliangalia ile mistari ya vumbini. Miaka sita alifanya kibarua cha koleo kwenye barabara ya Ngorongoro, pale getini lami inapoishia. "Asubuhi magari ya watalii yanatoka Karatu yameachana," alisema. "Moja hapa, jingine kule. Likifika vumbini la mbele linapunguza. La nyuma bado liko kwenye lami, linakuja tu. Mwisho yanabanana pua kwa mkia."

Mwalimu aliweka kijiti chini. "Darasa langu la kidato cha tatu halijawahi kunijibu hivyo. Ndiyo. Sehemu ya mbele imefika penye kina kidogo, ya nyuma bado ina mwendo. Ila maji hayana pa kubanana, kwa hiyo yanakwenda juu. Kina kikipungua mara kumi na sita, kimo kinakuwa mara mbili."

Kisha akamwambia anachohitaji: umbali kutoka machimbo mpaka pampu, na kina cha njia nzima. "Ukiniletea hivyo, nakuandikia hesabu isiyopingika."

*

Maji yalikuwa yamepunguzwa kwa amri ya kamati, ila wakaweka alama nyekundu kwenye nguzo kuonyesha yalifika wapi siku ile, na Hhando alijua kujumlisha. Alifunga kamba ya katani mafundo kila nusu mita, na jiwe mwishoni. Alikaa ndani ya mpira wa tairi la lori. Ukingoni, aliyeshika kamba ya kumrudisha alikuwa Simel, mchungaji kutoka upande wa Ngorongoro, anayeruhusiwa kiangazi kunywesha ng'ombe ng'ambo ya bwawa. Hakuna kati yao aliyejua kuogelea.

"Mzee, ukizama," alisema Simel, "nitawaambia ulikuwa na dakika mbili."

"Waambie tatu. Wafurahi."

Pale machimbo, mahali ambapo wanawake walizoea kusimama maji ya kiunoni wakifua, jiwe lilizama, likazama. Mafundo kumi na mawili na kipande. Hhando aliinua akashusha tena. Chini ya maji palikuwa na jeraha kubwa ambalo hakuna mtu wa kamati aliyewahi kulitumbukizia hata fimbo. Alingoja moyo ufurahi. Haukufurahi. Alipima, akasema namba kwa sauti ili asisahau, Simel akazirudia kwa lafudhi yake, wakaenda hivyo mpaka kwenye jukwaa la pampu.

Simel alimvuta nje, wakakaa juani.

"Siku ile nilikuwa ng'ambo," Simel alisema, akichokoa tope kwenye fimbo yake. "Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Mkono. Uliunyoosha hivi." Akaunyoosha mkono wake kuelekea majini, kidole mbele.

Ng'ombe mmoja alikohoa. Hhando aliangalia ule mkono mpaka ukashuka.

"Kamati ilikuuliza?"

"Kamati haiongei na mtu mwenye fimbo, inaongea na mtu mwenye kalamu."

"Utasema?"

"Mimi? Nilikuwa mbali, neno sikusikia. Mdomo ni wako, mzee."

Anayemwagilia kwa pampu anajua jambo moja kuliko sala zake. Mpira wa kuvutia maji una chujio mdomoni, na chujio lazima liwe ndani ya maji. Likitoka nje pampu inanyonya hewa, sili, ule mpira mdogo wa ndani, inaungua, na umwagiliaji umekwisha. Kiangazi maji yanarudi nyuma siku hadi siku, na kila asubuhi mtu anausogeza mpira mbele. Wanaita kufuata maji. Yakikimbia, unayafuata. Hufikiri, kama usivyofikiri kukamata kikombe kinachoanguka.

Siku ile pampu ilibadilisha sauti, ikaanza kulia kwa njaa. Hhando aliinua kichwa akaona chujio limelala kwenye tope tupu na maji yako mbali, yanazidi kwenda. Cresensia alikuwa karibu zaidi. Alikuwa amesimama, anayatazama, na alisema, "Mbona yanakwenda hivi?" Hhando akanyoosha mkono.

*

Hyasinta aliandika hesabu kwenye karatasi mbili za daftari kubwa, kwa wino mweusi. Kutoka machimbo mpaka pampu, mita mia. Mita sitini za kwanza kina kilikuwa kama mita tatu na sentimita sitini: mara kumi, thelathini na sita, sita mara sita, kwa hiyo sekunde kumi. Mita arobaini za mwisho, mita moja na sitini: kumi na sita, nne mara nne, sekunde kumi nyingine.

"Sekunde ishirini, baba, badala ya mia moja na ishirini. Na pale kwenye shimo kina ni mita sita na arobaini, kwenye chujio sentimita arobaini. Kina kimepungua mara kumi na sita. Nundu ya nusu mita imemfikia ikiwa mita nzima, na yeye yuko kwenye tope." Alinyoosha karatasi. Halafu akawa mtu mkweli, kwa bahati mbaya. "Ila kuna kitu watauliza. Hizi ishirini ni za bonde kufika. Hakuna ambaye angeziona, zilipita chini. Nundu inafuata nyuma, na umbali kati ya bonde na nundu unategemea ukingo ulichukua muda gani kuporomoka. Hilo kamba haipimi. Tangu maji yalipokimbia mpaka yaliporudi, ilichukua muda gani?"

"Sijui."

"Hukuona?"

"Nilikuwa nimeinama."

Mwalimu alifunika kalamu yake.

Hhando alijua. Njiani kurudi alipita bustanini, akasimama kwenye jukwaa la pampu, pale Cresensia aliposimama, akavua viatu. Akatembea kwenye tope kwa mwendo wa mwanamke wa miaka hamsini na nne aliyekunja kanga, hatua kumi na nane, akainama, akashika mpira kwa mikono miwili, akaunyanyua, akageuka, pale pale wimbi lilipomkuta mkewe. Alikuwa anahesabu sekunde. Ishirini na tano. Akarudi jukwaani, akatembea tena, safari hii kuelekea bustanini, mahali ambapo siku ile maji hayakufika. Saba.

Akakaa chini hapo penye vitunguu vilivyokauka. Hesabu ilikuwa imewashika wakubwa, na ilipomaliza na wao haikusimama, ilimfuata yeye. Mhandisi aliandika uongo kwamba muda ulikuwepo, na muda ulikuwepo. Sekunde kumi na nane za ziada. Yeye alizitumia kunusuru sili ya pampu.

Hakulia. Alikaa tu mpaka kivuli kikamfikia.

*

Alhamisi watu walikuwa wengi, kwa sababu kila mtu alikuwa na kitu kinachokauka. Angelina aliomba ruhusa kazini, akakaa benchi la wanawake. Simel alisimama mlangoni, hakuingia.

Hyasinta alisoma hesabu. Aliisoma polepole, akaeleza bonde na nundu, akasema wimbi lilianzia machimbo. Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Si mama huyu alituambia, tukamwambia akae!"

Fabian alikuwa anatokwa jasho kwenye shati lake zuri. "Sawa. Suala la machimbo nitalipeleka wilayani, liandikwe kwenye muhtasari. Lakini tusiache swali, mwalimu. Umesema mwenyewe maji yalishuka kwanza. Mtu mzima anaona maji yanakimbia, badala ya kupanda juu anaingia ndani ya tope. Alifuata nini? Kama si uzembe, tuandike nini?"

Mwalimu aliangalia karatasi zake. Angelina aligeuza uso, akamtazama baba yake, na Hhando akaona kwamba swali la siku ya tatu lilikuwa bado mdomoni mwake, halijaondoka.

Angeweza kunyamaza. Machimbo yalikuwa yamekwisha andikwa. Nusu ya neno "uzembe" ingebaki kwa Cresensia, na yeye marehemu hana mahali pa kukata rufaa.

"Aliufuata mpira wa pampu," alisema akisimama. "Aliyemtuma ni mimi."

Fabian aliweka kalamu chini.

"Nilisema uongo kwenye kamati. Sikuwa nimeinama. Yeye aliyaona maji kabla yangu, akasimama, akauliza mbona yanakwenda hivi. Nikanyoosha mkono, nikamwambia, fuata maji, pampu inaungua. Kuanzia hapo mpaka maji kurudi ni sekunde ishirini na tano. Nimezipima. Kupanda bustanini ni saba." Alisita, akatafuta kama kuna kingine. "Ukingo mliukata nyinyi, na hilo sifuti. Lakini uzembe wa kuingia majini, andikeni ni wangu."

Mtu mmoja nyuma alisema taratibu, "Hata mimi ningemtuma wangu."

Fabian alishika kalamu, akaangalia wajumbe. Akakata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, na akasoma kwa sauti isiyo ya ofisi: marehemu aliingia bwawani kwa kuagizwa na mumewe, baada ya maji kushuka kufuatia kuporomoka kwa ukingo uliochimbwa. Akasukuma faili mbele. Hhando aliandika jina lake kwa herufi za darasa la nne, moja moja, mpaka mwisho wa mstari.

Nje, Angelina alikuwa amesimama karibu na kibao cha matangazo, akimpa mgongo. Hhando alisimama hatua chache nyuma yake. Alidhani ataondoka. Basi la mjini lilikuwa limekwisha piga honi mara moja.

"Alisema nini?" Angelina aliuliza bila kugeuka. "Ulipomtuma."

"Hakubisha."

"Nimeuliza alisema nini, baba."

Hhando alifikiri. Hakuhitaji kufikiri.

"Alisema, shika basi kandambili zangu."

Honi ikapigwa mara ya pili. Angelina hakwenda.

"Ukashika?"

"Nilikuwa nimezishika maji yaliporudi," alisema Hhando. Akaangalia mikono yake yote miwili, na ilikuwa ni mikono tu.